Kabla hujaitegemea programu huria, ipekue hivi

Machi 2024 ilikuwa na siku tisa ambazo huwa nawasimulia wote wanaoniuliza kama programu fulani huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha, "ni nzuri". Tarehe 20, kampuni ya Redis ilitangaza kwamba kuanzia toleo la 7.4 hifadhidata yake haitatolewa tena kwa BSD, leseni huria isiyo na masharti mengi. Tarehe 29, mhandisi aitwaye Andres Freund aliweka hadharani kwamba ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo karibu kila mahali penye Linux, kulikuwa kumefichwa mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kumwingiza mshambulizi.

Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo. La kwanza lilikuwa halali kisheria na lilitangazwa mchana kweupe, la pili ni uhalifu uliopikwa polepole kwa zaidi ya miaka miwili. Lakini aliyekuwa akizitegemea programu hizo alikumbana na swali lilelile: nani anashika funguo, na akizigeuza mimi nitafanyaje? Ubora wa msimbo haukuwa hoja katika tukio lolote kati ya hayo. Ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia sana kasi wala uzuri wa programu. Mambo hayo utayaona mwenyewe siku ya kwanza ya kuitumia. Yanayouma huja mwaka wa tatu.

Namwandikia anayejenga mfumo juu ya programu za wengine: mtengenezaji wa tovuti, msimamizi wa seva, mwenye kampuni changa, au yule aliyekabidhiwa mfumo uliojengwa na mtu ambaye ameshaondoka.

Hatua ya 1: Orodhesha unachotumia, pamoja na usichojua kwamba unakitumia

Huwezi kupekua usichokijua. Anza na vile unavyovikumbuka: mfumo wa uendeshaji, hifadhidata, seva ya wavuti, lugha, maktaba kubwa. Kisha mwambie kompyuta akutajie visivyo kichwani mwako. Kwa Node andika `npm ls --all`, kwa Python `pip freeze`, kwa Go `go list -m all`, kwa Rust `cargo tree`, kwa Java inayotumia Maven `mvn dependency:tree`. Mara ya kwanza utashtuka. Uliomba vifurushi kumi, umepewa mamia, kwa sababu kila kifurushi huja na jamaa zake, na jamaa nao huja na wao.

Hao jamaa wa jamaa ndio wanaotuangusha. Machi 2016 mwandishi wa kifurushi kimoja cha JavaScript, left-pad, alikiondoa kwenye ghala la npm baada ya mzozo. Kilikuwa na mistari 11 tu, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi mwanzoni mwa maandishi. Miradi mikubwa duniani ikashindwa kujengwa siku hiyo, na wengi wa waathirika hawakuwahi kulisikia jina hilo.

Mfano mzito zaidi ni Log4j, maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio (logi), Desemba 2021. Udhaifu uliopewa namba CVE-2021-44228 ulimruhusu mshambulizi aendeshe msimbo wake kwenye seva yako kwa kutuma tu mstari wa maandishi ambao programu ingeuandika kwenye logi zake. Ulipewa alama 10 kati ya 10 za ukali. Kwa wenye orodha, kazi ilikuwa kusasisha. Kwa wasio nayo, siku za mwanzo ziliishia kwenye kuulizana: je, sisi tunayo? Iko wapi?

Orodha hiyo ihifadhi katika muundo ambao mashine inausoma. Miundo miwili ndiyo iliyokubalika: SPDX, ambayo tangu 2021 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, na CycloneDX. Zana kama Syft hukutengenezea kwa amri moja, hata kwa kontena (programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji) ambalo hukulijenga wewe. Na hili limeanza kutoka kwenye hiari kuingia kwenye sheria: Sheria ya Umoja wa Ulaya ya Ustahimilivu wa Mtandao, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024, inamtaka anayeuza bidhaa yenye programu ndani katika soko lile awe na orodha ya namna hii. Wajibu wa kuripoti udhaifu unaotumiwa na washambulizi unaanza tarehe 11 Septemba 2026, na sehemu kubwa ya masharti yaliyobaki inaanza tarehe 11 Desemba 2027. Anayeandika programu huria bila kuifanyia biashara hakubebeshwa mzigo huo. Ameubeba yule anayeichukua na kuiuza ndani ya bidhaa yake, na pengine ndiye wewe.

Hatua ya 2: Soma leseni yenyewe, usisome tangazo

Fungua hazina ya msimbo (repository), tafuta faili linaloitwa LICENSE au COPYING. Usiridhike na neno "huria" kwenye ukurasa wa mbele. Ikiwa faili hilo halipo kabisa, kumbuka kwamba kutoandika leseni si kutoa ruhusa. Hakimiliki yote imebaki kwa mwandishi, na kuuona msimbo hakukupi haki ya kuutumia. Watu wengi hulielewa hili kinyume.

Zilizopo unaweza kuzipanga katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni MIT, BSD na Apache 2.0. Hizi zinasema: chukua, badilisha, uza, ila taja ulipotoa. Apache 2.0 inaongeza ruhusa ya wazi kuhusu hataza (patent), na kwa kampuni hilo si jambo dogo.

La pili ni GPL na ndugu zake. Ukisambaza programu yenye msimbo huo, unampa anayepokea msimbo wako pia kwa masharti yaleyale. MPL 2.0 ni mpole zaidi, sharti lake linaishia kwenye mafaili yaliyokuwa chini yake tangu mwanzo. AGPL ya 2007 iliziba mwanya wa seva: ukiibadilisha programu na kuwahudumia watu kupitia mtandao, watumiaji hao nao wana haki ya kupata msimbo, hata kama hujawapa faili lolote. Wanasheria wengi wa kampuni huiogopa AGPL kuliko inavyostahili. Kama unatumia programu ya AGPL bila kuibadilisha, mara nyingi hakuna la kukutisha.

Fungu la tatu ndilo lenye mtego, kwa sababu msimbo unaonekana lakini si huria kwa maana ya shirika la Open Source Initiative, ambalo tangu 1998 ndilo linalotunza orodha ya leseni zinazokubalika. Humo imo SSPL, iliyotungwa na MongoDB mwaka 2018. Inasema ukiitoa programu kama huduma kwa wengine, lazima utoe pia msimbo wa mfumo wote unaoiendesha, hadi zana za kuhifadhi nakala na za ufuatiliaji. Humo pia imo BSL, ambayo HashiCorp walihamia Agosti 2023 pamoja na Terraform, zana yao ya kusimamia miundombinu ya seva. BSL inakuruhusu kutumia kwa mipaka aliyoiweka mwenyewe mwenye programu, na kila toleo hugeuka kuwa huria baada ya muda usiozidi miaka minne. Kwa matumizi ya ndani ya ofisi huenda usiguswe na chochote. Ukitaka kuuza huduma inayofanana na ya mwenye programu, hapo ndipo utakapokamatwa.

Fungu la nne ni leseni alizojitungia mtu mwenyewe akiwa na hasira au utani. Achana nazo, hata kama maneno yake yanakufurahisha.

Fanya na jambo moja zaidi: angalia historia ya faili la leseni. `git log --follow LICENSE` itakuonyesha limebadilishwa mara ngapi na kwa sababu gani. Mradi uliobadilisha leseni mara mbili katika miaka mitatu umeshakueleza tabia yake.

Hatua ya 3: Tafuta mwenye haki ya kubadilisha leseni

Hatua hii watu wengi huiruka, nami naiona kuwa yenye thamani kuliko zote. Leseni ya leo inakueleza ruhusa ya leo. Ya kesho inategemea hakimiliki iko mikononi mwa nani.

Chukua kiini cha Linux. Kiko chini ya GPL toleo la 2, na hakimiliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu na kampuni zilizochangia tangu 1991, wengine wameshafariki. Wachangiaji hawakabidhi haki zao kwa mtu. Wanatia tu saini ya kuthibitisha kwamba walichotuma wana haki ya kukituma. Kubadilisha leseni kungehitaji kuwapata wote hao na kupata kibali chao. Kwa hiyo haiwezekani, na kutowezekana huko ndiko kinga yako.

Sasa chukua mradi wa kampuni moja ambao humtaka kila mchangiaji asaini mkataba unaoipa kampuni mamlaka ya kutoa msimbo wake kwa leseni nyingine. Hapo kampuni ikiamka vibaya asubuhi, inaweza kubadilisha masharti ya matoleo yajayo bila kumuuliza mtu. Na kwa leseni laini kama BSD hata mkataba si lazima, kwani leseni yenyewe inaruhusu msimbo uchukuliwe na kufungwa ndani ya bidhaa yenye masharti mengine.

Kwa hiyo jiulize maswali haya, na majibu uyaandike: mradi uko chini ya wakfu usiotafuta faida, kama Linux Foundation au Apache Software Foundation, au uko chini ya kampuni moja? Wachangiaji wanasaini mkataba gani? Alama ya biashara, yaani jina lenyewe, ni ya nani? Wafanyakazi wa kampuni moja wanaandika sehemu gani ya msimbo? Ikiwa ni karibu wote na kampuni hiyo inaishi kwa fedha za wawekezaji wanaosubiri faida, sikukatazi kuitumia. Nakwambia tu kwamba unakaa kwenye nyumba ya kupanga, hata kama mlango uko wazi.

Kinga nyingine inafaa kuijua ili usiingiwe na hofu isiyo na msingi: toleo ulilokwishalipata kwa leseni huria linabaki huria kwako. Mabadiliko ya leseni huyagusa matoleo yajayo. Shida ni kwamba toleo la zamani lisilopata viraka vya usalama ni mali inayooza taratibu.

Hatua ya 4: Hesabu watu, kisha sikiliza wanavyosemeshwa

Pakua hazina na uandike `git shortlog -sn --since="12 months ago" HEAD`. Utapata majina ya waliochangia mwaka huu na idadi ya michango ya kila mmoja. Ukiona jina moja lina mia tatu na anayefuata ana nne, jua kwamba mradi mzima umesimama juu ya mtu mmoja. Akiugua, akipata mtoto, akibadilisha kazi, au akichoka tu, nawe umechoka pamoja naye.

Hali hiyo si ya miradi midogo peke yake. Mwaka 2014 ulipogunduliwa udhaifu wa Heartbleed katika OpenSSL, maktaba iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya siri ya mtandao, dunia ilishangaa kusikia kwamba mradi huo ulikuwa ukipata takriban dola 2,000 za michango kwa mwaka.

Turudi kwa xz, maana somo lake ni refu. Mradi ulitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake mwenyewe. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan, akituma maboresho ya kawaida yanayofanya kazi. Mwaka 2022 zikaibuka akaunti nyingine, zikimlalamikia Collin hadharani kwamba yuko polepole, mradi unakufa, amkabidhi mwingine. Collin akawajibu kwamba ana matatizo ya afya ya akili na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Hatimaye Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya mapema 2024 yakatoka na mlango wa nyuma, uliolenga kumwezesha mwenye ufunguo wa siri kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Namba yake ni CVE-2024-3094.

Kilichouokoa mtandao ni nusu sekunde. Freund alikuwa akipima kasi ya hifadhidata ya PostgreSQL kwenye toleo la majaribio la Debian, akaona kuingia kwa SSH kunachukua takriban milisekunde 500 zaidi ya kawaida. Badala ya kupuuza akafuatilia. Mlango ulikamatwa kabla haujafika kwenye matoleo thabiti ya mifumo mikubwa ya Linux.

Kutokana na kisa hicho nilibadilisha namna yangu ya kusoma miradi. Sihesabu tu watu, nasoma pia mazungumzo yao. Mtunzaji akisukumwasukumwa na akaunti zisizo na historia yoyote, ni dalili. Mchangiaji mpya akikabidhiwa funguo haraka baada ya kelele, ni dalili kubwa zaidi. Nalinganisha pia kifurushi kinachopakuliwa na msimbo ulio kwenye hazina, kwa kuwa sehemu iliyoamsha mlango wa xz ilikuwa ndani ya kifurushi cha kupakua tu. Aliyesoma hazina peke yake asingeiona. Kama hujui kulinganisha mwenyewe, chagua miradi ambayo vifurushi vyake hujengwa kwa mashine hadharani na kuwekewa ushahidi wa vilikotoka.

Tahadhari moja: ukimya si kifo. Maktaba ndogo iliyokamilisha kazi yake inaweza kukaa mwaka mzima bila badiliko na ikawa salama kuliko ile inayobadilika kila siku. Tazama kama ripoti za udhaifu zinajibiwa. Zana ya Scorecard ya OpenSSF, wakfu wa usalama wa programu huria, itakupa alama kuanzia 0 hadi 10 kwa mambo kama haya. Itumie kukuonyesha pa kuchimba, usiitumie kama hukumu.

Hatua ya 5: Usiwe wa kwanza kupakua

Tarehe 8 Septemba 2025 mtunzaji wa vifurushi kadhaa maarufu vya npm alipokea barua pepe iliyofanana na ya npm, ikimtaka asasishe ulinzi wa akaunti yake. Akaingia mtegoni. Kufumba na kufumbua, vifurushi 18, vikiwemo chalk na debug ambavyo viko ndani ya kila kitu, vilitolewa matoleo mapya yenye msimbo wa kuiba sarafu za kidijitali. Yaliondolewa baada ya saa chache. Wiki iliyofuata akaja mdudu aliyepewa jina Shai-Hulud, aliyekuwa akiiba funguo za waandishi na kuzitumia kujisambaza kwenye vifurushi vyao vingine bila kuhitaji mkono wa mtu.

Walioathirika ni waliopakua ndani ya saa hizo. Waliokuwa na subira ya siku mbili hawakuguswa. Kwa hiyo fanya yafuatayo.

Kwanza, funga matoleo. Faili kama `package-lock.json` au `Cargo.lock` liingie kwenye hazina yako, na mashine ya kujengea itumie `npm ci`, isitumie `npm install`. Amri ya kwanza inafuata faili hilo neno kwa neno, ya pili inaweza kukuletea mgeni.

Pili, weka muda wa kusubiri. Meneja wa vifurushi pnpm tangu toleo la 10.16 ana mpangilio wa `minimumReleaseAge`, unaohesabiwa kwa dakika. Ukiandika 4320, hakuna toleo lenye umri chini ya siku tatu litakaloingia kwako.

Tatu, zuia skripti zinazojiendesha wakati wa kusakinisha. Kwa npm ni `npm config set ignore-scripts true`. Kuna vifurushi vichache vitalalamika, na hivyo utaviruhusu kimoja kimoja. pnpm toleo la 10 linazuia lenyewe.

Subira hii ina upande wake wa pili. Udhaifu kama wa Log4j haukusubiri siku tatu, washambulizi walikuwa wameshaanza. Tena kiraka cha kwanza, 2.15.0, hakikutosha. Zikafuata 2.16.0 na 2.17.0 ndani ya siku chache. Hivyo weka njia mbili: masasisho ya kawaida yakae kwenye foleni, viraka vya usalama vipite kwa mlango wa dharura, na awepo mtu mwenye jina anayeamua kipi kinapita wapi. Mimi niliwahi kuchanganya njia hizo mbili. Nikasasisha kila kitu Ijumaa jioni kwa sababu ya kiraka kimoja, kisha nikakaa Jumamosi nzima nikitafuta ni kipi kati ya vifurushi arobaini kilichovunja ukurasa wa malipo.

Hatua ya 6: Pata tahadhari kutoka vyanzo vyake

Hii ni fupi. Endesha `osv-scanner`, `npm audit` au `pip-audit`, zana zinazolinganisha vifurushi vyako na udhaifu uliokwisha kuripotiwa, kila siku kwenye mashine ya kujengea, si pale unapokumbuka. Andika pia tarehe ya mwisho wa msaada wa kila kitu kikubwa kwenye orodha yako. Mfumo wa uendeshaji wa CentOS 7 ulifika mwisho tarehe 30 Juni 2024 na bado kuna seva zinazouendesha kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hatua ya 7: Jaribu mlango wa kutokea ukiwa bado huuhitaji

Mradi ukibadilika vibaya, una njia nne. Kulipa. Kubaki kwenye toleo la zamani kwa muda. Kuhamia programu nyingine kabisa. Au kufuata mchepuo, yaani mradi mpya unaoanzishwa na watu wengine kutoka kwenye msimbo uleule wa huria. (Nasema mchepuo, si mchepuko, ingawa nao huanza pale nyumba kubwa inapoleta masharti mapya.)

Baadhi ya michepuo imewapita wazazi wake au imesimama imara. LibreOffice ilitoka OpenOffice mwaka 2010. MariaDB ilitoka MySQL mwaka 2009, Oracle ilipokuwa ikiinunua Sun. OpenSearch ilizaliwa 2021 baada ya Elastic, kampuni yenye zana ya utafutaji Elasticsearch, kuacha Apache 2.0. OpenTofu ilitoka Terraform mwaka 2023. Valkey ilitangazwa chini ya Linux Foundation tarehe 28 Machi 2024, siku nane tu baada ya tangazo la Redis.

Mingine hufa kimyakimya baada ya miezi mitatu ya hasira. Utaitofautishaje? Tazama nani analipwa kuufanyia kazi. Valkey ilianza ikiwa na AWS, Google Cloud, Oracle na wengine nyuma yake, pamoja na wahandisi waliokuwa watunzaji wa Redis yenyewe. Mchepuo wenye ilani ndefu na wachangiaji wawili, upe pole na uusubiri.

Muda nao una bei yake. Valkey ilianzia Redis 7.2.4, kwa hiyo aliyekuwa kwenye 7.2 alihama karibu bila kuhisi. Aliyekuwa ameshapanda hadi 7.4 alikuta mafaili yake ya data hayasomeki upande wa pili, ikambidi ahamishe kwa njia ndefu. Kila toleo unalosasisha baada ya leseni kubadilika linaufanya mlango wa kutokea uwe mwembamba. Kwa hiyo siku ya tangazo, kabla hujaamua lolote, simamisha masasisho ya toleo kubwa.

Pia usikimbie sana. Elastic walirudisha leseni huria, AGPL, mwaka 2024. Redis nao waliiongeza Mei 2025 kwa Redis 8. Waliosubiri kidogo walijikuta na chaguo zaidi. Ila kumbuka hatua ya 3: waliorudisha wanaweza kuondoa tena, kwa sababu waliobadilisha na waliorudisha ni walewale.

Mazoezi yenyewe: mara moja kwa mwaka, chukua nakala ya data yako, isakinishe kwenye mbadala mmoja, pima saa zilizotumika, andika kilichogoma. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko mpango wa kurasa hamsini ambao hakuna aliyewahi kuujaribu.

Hatua ya 8: Kwa modeli za akili mnemba, gawa swali mara tatu

Hapa neno "huria" linatumika ovyo kuliko popote. Modeli ina vipande vitatu: vigezo vyenyewe, yaani yale mafaili makubwa unayopakua, msimbo wa kuifunza na kuiendesha, na data iliyofunzwa nayo. Kila kimoja kiulizie leseni yake.

DeepSeek-R1 ya Januari 2025 ilitoa vigezo kwa leseni ya MIT, hivyo kuitumia na kuibadilisha ni ruhusa pana. Data yake ya mafunzo hukupewa. Llama ya Meta, kuanzia toleo la 2 la 2023, vigezo vinapakulika lakini leseni ni ya Meta yenyewe, ina orodha ya matumizi yasiyoruhusiwa, na inamtaka mwenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi aombe kibali. Hutafika huko, najua. Lakini sharti la aina hiyo linatosha kuitoa nje ya maana ya huria. Oktoba 2024 Open Source Initiative walitoa tafsiri yao ya akili mnemba huria, inayotaka vigezo, msimbo, na maelezo ya kutosha kuhusu data. Wapo waliolalamika kwamba maelezo si data, nami nipo upande wao. Bila data huwezi kuijenga upya, na kama huwezi kuijenga upya umepewa keki, hujapewa namna ya kuipika.

Kwa anayetumia, la lazima ni hili: hifadhi nakala ya vigezo na ya leseni ya siku uliyopakua, pamoja na tarehe. Ukurasa wa upakuaji hubadilika.

Hatua ya 9: Lipa kwa namna isiyomwongezea mtunzaji mzigo

Ukifika hapa utakuwa na orodha ya miradi mitatu au minne inayobeba biashara yako na inayotunzwa na mtu mmoja mmoja. Kama una fedha, toa kidogo kila mwezi. Kiasi kidogo cha uhakika humsaidia kupanga kuliko kikubwa cha mara moja. Kama huna, jibu maswali ya wageni kwenye mradi, rekebisha maelezo yaliyochakaa, au jaribu toleo la majaribio kwenye mfumo wako na uripoti.

Ripoti nayo ina adabu yake. Daniel Stenberg, mwandishi wa curl, zana ya kuhamisha data mtandaoni, amekuwa akilalamika tangu Januari 2024 kuhusu ripoti za udhaifu zilizotungwa na akili mnemba: ndefu, zenye lugha nzuri, na zisizo na ukweli. Kila moja inakula saa za mtu. Mwishoni mwa Januari 2026 mradi wake ukaacha kabisa kulipa zawadi kwa wanaoripoti udhaifu. Kwa hiyo kabla ya kutuma, irudie hitilafu kwa mikono yako kwenye toleo la karibuni. Andika namba ya toleo, mfumo wa uendeshaji, amri uliyoandika, ulichotarajia na ulichokiona. Tafuta kama imeshasemwa. Ikiwa ni ya usalama usiiweke hadharani, tafuta faili la SECURITY kwenye hazina ufuate njia iliyoandikwa humo. Kisha mpe siku za kujibu. Huenda anaisoma usiku, baada ya kazi yake ya mchana.